Uso wa Anayesikiliza: Jozi za Nyota wa Hollywood ya Zamani

Ndugu wapenzi wa sinema, wazee wetu mliohudhuria, na ninyi waigizaji vijana mlioketi huku mbele, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie jozi za nyota wa Hollywood ya zamani, yaani wale waigizaji wawili wawili waliokuwa wakipangwa pamoja filamu baada ya filamu, kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, mpaka watazamaji wakazoea kuwataja kama Kurwa na Doto. Swali linaloulizwa kwanza kila mara wanapotajwa ni kama walipendana kweli. Nitaligusa pale tu panapolazimu, kwa sababu naamini swali hilo limewanyima haki yao kwa muda mrefu. Watu hawa walikuwa wafanyakazi. Walikuwa na mikataba, walikuwa na mabosi, waliingia studio alfajiri kupakwa rangi usoni na kutoka usiku, na walikuwa na ufundi walioujenga kwa jasho. Ninachotaka kukitetea jioni hii ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi huo ilikuwa ni kumsikiliza mwenzako mbele ya kamera. Anayesema ameandikiwa maneno yake na mwandishi. Anayesikiliza hana alichoandikiwa, na hapo ndipo mwigizaji wa kweli anapojulikana.

Tuanze na kiwanda chenyewe, kwani jozi hizi hazikudondoka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1930 kampuni tano kubwa, yaani MGM, Paramount, Warner Bros., Fox na RKO, zilikuwa zinatengeneza filamu, zinazisambaza, na tena zinamiliki majumba ya sinema ya kuzionyeshea. Mwenye jumba lisilo la kampuni alilazimishwa kununua filamu kwa mafungu: akitaka moja yenye nyota mkubwa, achukue na nyingine kadhaa asizozijua. Waigizaji nao walifungwa kwa mikataba iliyoweza kufika miaka saba, ambayo studio ilikuwa na haki ya kuivunja au kuiendeleza kila baada ya muda fulani, ilhali mwigizaji hakuwa na haki ya kuondoka. Katika mpango wa namna hiyo, jozi iliyokwisha kupendwa ilikuwa bima. Studio ilijua kwamba watu waliolipa kuwaona wawili hao mwaka jana watalipa tena mwaka huu, hata kama hadithi ni ileile iliyobadilishwa nguo.

William Powell na Myrna Loy ni mfano mzuri. Mwongozaji W. S. Van Dyke aliwaona wakifanya kazi pamoja mwaka 1934 katika "Manhattan Melodrama", akavutiwa na jinsi walivyotaniana hata kamera ilipokuwa imezimwa, akaishawishi MGM imkabidhi wote wawili kwa filamu ya upelelezi iitwayo "The Thin Man". Aliimaliza kuipiga kwa muda usiofika wiki tatu. Filamu ile ilizaa nyingine tano za mfululizo huo, na kwa jumla Powell na Loy walionekana pamoja katika filamu 14. Waliigiza mke na mume wanaotaniana, wanaokunywa kupita kiasi na kuheshimiana, jambo ambalo sinema za wakati ule hazikulizoea, kwa kuwa ndoa ilikuwa ndiyo mwisho wa hadithi na wala si hadithi yenyewe. Watazamaji waliamini kabisa kwamba ni mke na mume kweli. Walipokwenda San Francisco kupiga filamu ya pili, hoteli moja iliwaandalia vyumba vya maharusi, ingawa Powell wakati huo alikuwa na uhusiano na Jean Harlow, ambaye alikuwa amefuatana nao. Harlow na Loy wakalala katika vyumba vile vya fahari, na Powell akapelekwa kwenye chumba kidogo.

Huyo Jean Harlow naye alikuwa nusu ya jozi. Aliigiza na Clark Gable katika filamu sita, na ya mwisho, "Saratoga", hakuimaliza. Alifariki tarehe 7 Juni 1937 akiwa na umri wa miaka 26. MGM iliikamilisha filamu kwa kumtumia mwanamke mwingine aliyepigwa picha akiwa ameipa kamera mgongo au akiwa amefunikwa na kofia pana, na sauti akaiweka mwanamke mwingine tena. Mwezi uliofuata filamu ikawa sokoni, na watu wakajazana. Mimi siwezi kuitazama bila uchungu, hasa zile sehemu ambazo Gable anazungumza na kofia. Ni mwigizaji mwenye uwezo, lakini macho yake hayana pa kutua.

Sasa niwaombe tukae kidogo kwa Olivia de Havilland, kwa sababu yeye ndiye aliyeulipia mfumo huu, na ndiye aliyeutikisa. Mwaka 1935 Warner Bros. ilimpanga, akiwa na miaka 19, pamoja na kijana wa Tasmania, Australia, ambaye hakuwa anajulikana, Errol Flynn, katika "Captain Blood". Mwongozaji alikuwa Michael Curtiz. Flynn alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa upanga, na alijirusha kutoka kwenye mlingoti wa meli kana kwamba alizaliwa huko. Hata hivyo mrukaji peke yake hachukui muda mrefu kuchosha. Aliyetufanya tuamini kwamba mtu yule ana akili na moyo ni De Havilland, aliyekuwa akimtazama kwa namna ya mtu anayepima maneno anayoambiwa, akisita, akikubali nusu, akikataa nusu. Walifanya filamu nane pamoja, na maarufu zaidi ni ile ya Robin Hood ya mwaka 1938, iliyopigwa kwa rangi.

Ya nane, "They Died with Their Boots On" ya mwaka 1941, inaidanganya historia vibaya sana, kwani inamtukuza Jenerali Custer aliyepigana na wenyeji asilia wa Marekani kana kwamba alikuwa mtetezi wao, na sitaki mtu yeyote ajifunze historia humo. Ila ina onyesho moja la kuagana. Mume anajiandaa kwenda vitani. Mke anajua kwamba hatarudi, mume naye anajua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, lakini hakuna anayelitamka. Flynn anasema maneno yake, anambusu, anatoka. De Havilland anabaki ameegemea ukuta, kamera inarudi nyuma polepole ikimwacha mdogo ndani ya chumba, kisha anaanguka. Anapoanguka hakuna neno linalosemwa. Hawakuigiza pamoja tena baada ya hapo.

Hawakuigiza tena kwa sababu De Havilland alikuwa amechoka kuwa pambo la filamu za wanaume wenye panga. Alipokataa nafasi alizopewa, studio ilimsimamisha bila mshahara, na kila alipomaliza adhabu, muda ule uliongezwa mwishoni mwa mkataba wake. Miaka saba ilipotimia mwaka 1943, aliambiwa bado anadaiwa takriban miezi sita. Alikwenda mahakamani. Mwigizaji mwenzake Bette Davis alikuwa amekwisha kuijaribu Warner Bros. mwaka 1936 katika mahakama ya London na kushindwa, kwa hiyo wengi walimwona De Havilland kama mtu anayejizika mwenyewe, na kweli Jack Warner, bosi wa studio hiyo, alihakikisha kwamba hakuna studio nyingine inayompa kazi wakati kesi inaendelea. Mwezi Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba sheria ya kazi ya jimbo hilo inaposema miaka saba, ni miaka saba ya kalenda, na mwajiri hawezi kuirefusha kwa kuongeza muda wa adhabu. Uamuzi huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Alipopata uhuru wa kuchagua, alishinda Oscar mbili ndani ya miaka minne, kwa "To Each His Own" ya 1946 na "The Heiress" ya 1949. Aliishi hadi mwaka 2020, akafariki akiwa na miaka 104.

Nikija kwa Fred Astaire na Ginger Rogers, nakuja kwa jozi ambayo wengi hudhani wanaifahamu. Astaire alikuwa amecheza jukwaani tangu utotoni na dada yake Adele, na Adele alipoolewa mwaka 1932 na kuacha kazi, watu walijiuliza kama kaka ataweza kusimama bila yeye. Rogers alikuwa mwigizaji aliyekwisha kucheza filamu nyingi kabla RKO haijawakutanisha mwaka 1933 katika "Flying Down to Rio", ambamo wote wawili hawakuwa wahusika wakuu. Kuanzia hapo hadi 1939 walifanya filamu tisa pale RKO.

Astaire alikuwa na sharti ambalo waongozaji walilazimika kulikubali: ngoma ipigwe picha mwili mzima, kuanzia kichwani hadi kwenye soli za viatu, na kwa kadiri iwezekanavyo bila kukata. Kabla yake ilikuwa kawaida kamera kuruka kutoka miguuni kwenda usoni, kisha kwa watazamaji, na makosa yote yakafichika katikati ya mikato hiyo. Sharti lake liliondoa mahali pa kujificha. Mmoja akikosea, wote wawili wanarudia. Katika "Swing Time" ya mwaka 1936 ngoma ya mwisho ilipigwa mara 47, mpaka miguu ya Rogers ikatoka damu ndani ya viatu, na bado mtu anayetazama haoni maumivu hata chembe. Nimeona wasomi wa ngoma wakisema kwamba Astaire alipata baadaye wachezaji wenza waliokuwa na mafunzo makubwa zaidi ya Rogers. Huenda ni kweli kwa upande wa miguu. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kuwa mhusika huku anacheza. Rogers hakuacha kuigiza ngoma ilipoanza: anaingia akiwa amekasirika au akiwa na mashaka, na unaona shaka ile ikiyeyuka hatua kwa hatua, begani kwanza, kisha shingoni, kisha machoni.

Katika filamu hiyohiyo kuna wimbo uliopata Oscar ya wimbo bora. Astaire amekaa kwenye piano akiimba kumsifu mwanamke kwa jinsi alivyopendeza usiku huo, na mwanamke yuko chumba cha pili anaosha nywele. Anatoka akiwa na povu kichwani, ameisahau hali yake, anasogea taratibu kana kwamba wimbo unamvuta kwa kamba, anamwekea mkono begani. Astaire anageuka. Ndipo mwanamke anajiona kwenye kioo na kukimbia. Rogers hana hata neno moja katika kipande hicho, na wimbo ungeweza kuwa wimbo tu wa kawaida wa filamu kama yeye asingalikuwa anausikia. Miaka minne baadaye alishinda Oscar yake mwenyewe kwa "Kitty Foyle", filamu isiyo na ngoma za Astaire. Walikutana mara ya kumi na ya mwisho mwaka 1949 katika "The Barkleys of Broadway" ya MGM, naye Rogers aliitwa kwa sababu Judy Garland, aliyepangiwa nafasi hiyo, hakuweza kuendelea.

Kuhusu Humphrey Bogart na Lauren Bacall sitasema mengi, kwa kuwa ndoa yao imesimuliwa kila mahali. Bacall alikuwa na miaka 19 na hajawahi kuigiza filamu yoyote walipoanza "To Have and Have Not". Alitetemeka kwa woga kiasi kwamba aligundua njia pekee ya kutuliza kichwa ni kuinamisha kidevu karibu na kifua na kumtazama Bogart kwa kuinua macho. Mtazamo ule uliozaliwa na woga ndio uliomfanya maarufu. Kinachonivutia zaidi ni yaliyoipata filamu yao ya pili, "The Big Sleep". Ilikuwa imekwisha kukamilika mwaka 1945 na hata kuonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo, lakini studio ikaizuia na mwanzoni mwa 1946 ikawarudisha wawili hao kupiga maonyesho mapya ya kujibizana. Ili kupata nafasi, ilikatwa sehemu ambayo mpelelezi anaeleza nani alimuua nani. Filamu iliyotoka haieleweki vizuri hadi leo, na watu hawajali. Warner Bros. ilikuwa imefanya hesabu yake, ikaona kwamba mtazamaji atasamehe fumbo lisilofumbuliwa kuliko kukosa dakika chache za watu wawili wanaosikilizana.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya Paramount na wenzake, na kampuni zikalazimika kuachana na majumba ya sinema na ule ununuzi wa mafungu. Televisheni nayo ikaingia majumbani. Mikataba mirefu ikaanza kufa, na waongozaji wakatoka studio kwenda kupiga filamu mbali. Hapo ndipo historia hii inapofika kwetu.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alimleta Bogart na Katharine Hepburn katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, upande wa mji ambao leo ni Kisangani, kisha Uganda, huko Butiaba katika Ziwa Albert na kwenye maporomoko ya Murchison, kupiga "The African Queen". Hadithi yenyewe imewekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Mto wa filamu unaitwa Ulanga na unamwaga maji yake katika ziwa kubwa, ilhali kila Mtanzania anajua kwamba maji ya Ulanga huenda Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Meli ya Wajerumani iliyomo hadithini ilichukuliwa kutoka kwa meli ya kweli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikainuliwa na Waingereza, na baadaye ikawasafirisha babu zetu na mizigo yao kutoka Kigoma kwa jina la Liemba.

Bogart na Hepburn hawakuwahi kuigiza pamoja kabla wala baada ya hapo, na hilo linaonyesha kwamba jozi haihitaji filamu kumi. Hepburn aliumwa tumbo la kuhara vibaya sana. Katika onyesho la kanisani, anapopiga kinanda, ndoo ilikuwa imewekwa karibu naye nje ya picha ili atapike kila walipokatisha. Bacall, ambaye hakuwa na nafasi katika filamu, alifuatana na mumewe, akapika na kuuguza wagonjwa. Maonyesho ya waigizaji wakiwa majini yalipigwa baadaye Uingereza kwa kuhofia magonjwa. Hepburn alikuwa anamwigiza mmisionari kwa ukali na uso wa kununa, mpaka Huston akamwambia amkumbuke Bi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, anapotembelea askari waliojeruhiwa, na tabasamu lake. Tangu hapo anapomsikiliza Bogart mlevi akijitetea, anamsikiliza kwa tabasamu la adabu linalomkosesha raha kuliko matusi. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa nafasi hiyo, na mimi nasema nusu yake ilitoka upande wa pili wa mashua.

Siwezi kupita hapo bila kusema jingine. Wanakijiji wa filamu ile wanaimba tenzi za dini, wanachomewa nyumba zao na kuswagwa na askari, na baada ya dakika chache hawaonekani tena. Watu wa kweli wa Kongo na Uganda walijenga kambi, walibeba mitambo mizito ya kamera za rangi, na waliiinua mashua ilipozama. Hakuna mwigizaji mkuu anayekaa chini akawasikiliza. Katika filamu ambayo uzuri wake wote umo katika kusikilizana, hilo ni pengo kubwa, nasi wa ukanda huu tuna haki ya kulitaja kila tunapoisifu.

Hepburn huyohuyo ndiye niliyemwacha kwa ajili ya mwisho. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani kuwa mmoja wa nyota wanaofukuza wateja. Alirudi New York jukwaani, akapata haki za tamthilia iliyomfaa, akaiuza MGM kwa sharti kwamba aigize yeye. Mwaka 1942 ilitoka filamu yake ya kwanza na Spencer Tracy, aliyekuwa tayari na Oscar mbili mfululizo, na kwa miaka 25 walifanya filamu tisa. Tracy alikuwa na mke ambaye hakumwacha, na Hepburn hakwenda mazishini kwa heshima ya familia hiyo. Zaidi ya hapo si letu. Walipopiga ya tisa, "Guess Who's Coming to Dinner", juu ya wazazi wazungu ambao binti yao anataka kuolewa na daktari mweusi aliyeigizwa na Sidney Poitier, afya ya Tracy ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna kampuni ya bima iliyomkubali. Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka malipo yao rehani. Tracy alifanya kazi saa chache kwa siku. Hotuba yake ndefu ya mwisho inaeleza kwamba hajasahau ilivyo kumpenda mwanamke, na nyuma yake yuko Hepburn, macho yamejaa machozi, hasogei. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo yaliyokuwa bado yanakataza ndoa za namna hiyo.

Filamu tutakayoitazama baada ya mapumziko ni ya jozi hiyohiyo, "Adam's Rib" ya mwaka 1949, iliyoongozwa na George Cukor. Mume ni mwendesha mashtaka, mke ni wakili wa utetezi, nao wanapambana katika kesi moja. Mtafurahia wanavyoangusha penseli ili wachunguliane chini ya meza za mahakama. Lakini nawaomba hasa waigizaji vijana msubiri onyesho la mahojiano ya mshtakiwa, anayeigizwa na Judy Holliday, ambaye wakati ule Hollywood haikumjua. Studio ya Columbia ilikuwa inasitasita kumpa nafasi kuu katika "Born Yesterday", ingawa ndiye aliyeing'arisha tamthilia hiyo jukwaani. Cukor na Hepburn walikubaliana: onyesho lipigwe kwa mkupuo mmoja mrefu, kamera imwelekee Holliday, na Hepburn, nyota mkuu wa filamu, akae pembeni akiuliza maswali mafupi na kusikiliza. Holliday alipewa nafasi ile, na mwezi Machi 1951 alishinda Oscar mbele ya Bette Davis na Gloria Swanson.